Mlango wa pikapu ya zamani uliooza chini: namna ya kuufufua nyumbani Dodoma

Mlango wa pikapu huoza kuanzia ndani kwenda nje. Ukiona rangi imevimba malengelenge kwenye ukingo wa chini, ujue kutu imeshamaliza kazi yake upande usiouona. Ndiyo maana mlango uliopigwa msasa kwa juu, ukazibwa kwa puti (uji mzito wa kujazia unaogeuka mgumu) na kupakwa rangi, hupendeza mpaka mvua za Desemba tu. Ikifika Aprili puti imeachia, imebanduka kama ganda la muhogo, na tundu lililokuwa la ukubwa wa punje ya mahindi sasa linapitisha kidole.

Kwa Dodoma na majirani zake, Kongwa, Bahi, Manyoni hadi Singida, chanzo karibu kila mara ni kile kile. Kila mlango una matundu madogo ya kutolea maji kwenye ukingo wake wa chini, mawili hadi manne. Waliotengeneza gari walijua raba ya kioo haiwezi kuzuia maji yote, wakayaachia njia: yashuke ndani ya mlango, yatokee chini. Sasa kiangazi chetu ni cha miezi saba, na vumbi jekundu linapita njia hiyo hiyo ya maji, linatua chini na kujikusanya. Mvua ya kwanza inaligeuza tope, jua linalikausha likawa tofali, na matundu yanazibwa. Kuanzia hapo mlango ni ndoo. Udongo huo hushika unyevu siku kadhaa baada ya mvua kukatika, umelala juu ya bati ambalo unene wake haufiki milimita 1. Maji ya kuoshea gari nayo yanachangia. Angalia ule utando mweupe mgumu chini ya birika la chai: visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi, na chumvi hiyo inabaki ndani ya mlango kila unapooshwa.

Kwa hiyo kazi hii si ya rangi. Rangi ni siku mbili za mwisho. Kazi yenyewe ni kurudisha bati zima, kufungua njia ya maji, na kuhakikisha tope halina pa kukaa tena.

Chunguza kabla hujanunua kitu

Tafuta sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kwenye kitambaa laini, kisha ipitishe polepole juu ya mlango wote. Pale inapolegea au kutoshika kabisa, chini yake kuna puti ya fundi aliyepita. Chora mduara kwa chaki. Halafu gongagonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia katikati ukishuka chini: bati zima linalia kwa sauti kali, bati lililooza linatoa sauti butu kama ya boksi. Maliza kwa kuchomachoma ukingo wa chini kwa msumari ulionolewa. Usiuonee huruma. Msumari ukipenya leo ni afadhali kuliko baada ya kupaka rangi.

Sehemu za kuangalia kwa makini ni sentimita 10 za chini kabisa, pindo (pale bati la nje lilipokunjwa kukumbatia fremu ya ndani), pembe iliyo chini ya bawaba, mstari ulio chini ya raba ya kioo, na matundu ya kufungia kioo cha pembeni. Bati la nje likiwa limeoza hata robo yake linatengenezeka. Lakini kama fremu ya ndani imeliwa pale bawaba zinapofungwa au pale kitasa kinapokaa, tafuta mlango mwingine, maana hapo ndipo uzito wote wa mlango unapobebwa, na kiraka cha nyumbani hakitashika. Ukienda kununua mlango wa gari chakavu, nenda na sumaku yako.

Kama gari lako ni Land Rover ya zamani, bati la nje la mlango ni aluminiamu na fremu ni chuma. Utaona unga mweupe mahali metali hizo mbili zinapokutana, kwa sababu unyevu ukiingia kati yake aluminiamu ndiyo inayoliwa. Usijaribu kuchomelea kiraka cha chuma juu yake. Mlango wa namna hiyo hufunguliwa pindo, fremu ikatengenezwa peke yake na kupakwa praima ya epoksi (rangi ya msingi inayokinga kutu), kisha bati likarudishwa likiwa limetenganishwa na fremu kwa gundi ya maungio. Maelezo yanayofuata ni ya milango ya chuma kitupu: Hilux, Datsun, Peugeot 504, Land Cruiser na jamaa zao.

Kipindi kizuri cha kazi hii ni Mei na Juni. Mvua zimeisha, hewa ni kavu, nyasi bado zimeshika udongo, na pepo kali za Julai mpaka Septemba hazijaanza kuchapa.

Vitu vya milango miwili

Bati jeusi la geji 20 (unene wa milimita 0.9 hivi), kipande cha nusu mita kwa mita moja na nusu kinatosha na chenji inabaki. Boneti au paa la gari chakavu pia linafaa sana kwa sababu ni chuma laini cha unene unaoelekeana. Usitumie bati la kuezekea. Geji 28 au 30 ni jembamba mno, linatoboka moto ukiligusa tu, na zinki iliyolipaka inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka jioni yake.

Mbali na bati, andaa grenda ndogo yenye diski za kukatia za milimita 1 na diski za msasa namba 60 na 80, brashi za waya za kufunga kwenye drili, plaizi za kujifunga angalau nne, nyundo ya bodi na kipande cha chuma kizito chenye uso laini cha kukingia nyuma, praima ya epoksi ya vikopo viwili nusu lita, praima ya kujazia lita 1, puti kilo 1 pamoja na hadna yake (dawa ya kuigandisha), rangi lita 1, thina lita 4 (nusu yake itaishia kwenye kuosha vifaa), gundi ya maungio mkebe mmoja, misasa ya karatasi namba 80, 120, 180, 320, 400 na 600. Miwani, glovu na barakoa yenye vichujio vya vumbi na vya kemikali si vya hiari. Rangi za magari ya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hupenya barakoa ya kitambaa bila shida. Watoto wasicheze pale unapokwangulia.

Kuvua mlango

Anza na kava la ndani. Mkono wa kupandishia kioo ndio unaowashinda wengi, wakaishia kuuvunja kwa bisibisi. Umeshikwa na kipini cha waya chenye umbo la herufi U, kimejificha nyuma yake. Chukua kitambaa chembamba kirefu, kipitishe kati ya mkono na kava, kisha kivute huku na huku kama mtu anayeng'arisha viatu, ukikielekeza upande ambao ncha za kipini zinatazama. Nyuzi za kitambaa zinanasa ncha na kipini kinaruka. Weka kiganja mbele, maana kikipotelea kwenye mchanga hukipati.

Nyuma ya kava kuna nailoni iliyobandikwa kwa lami. Mafundi wengi huichana na kuitupa. Ibandue taratibu, utairudisha, na kama haipo utatengeneza nyingine kwa nailoni nzito: bila nayo maji yanaloanisha kava na kuingia chini ya miguu. Fungua kioo kwenye mashine yake (nati za spana 10 kwa kawaida), kitoe kwa juu, kisha toa mashine, reli na kitasa. Piga picha kila hatua. Kila kundi la skrubu liwe na kopo lake lenye jina.

Kabla hujagusa bawaba, zungushia alama ya kalamu kali au msumari pale zilipokaa, kwenye mlango na kwenye bodi. Mistari hiyo ndiyo itakayokurudishia mlango mahali pake. Weka jeki na ubao wenye gunia chini ya mlango, mtu wa pili ashike, wewe ulegeze bolti. Zikigoma, zimwagie mafuta ya kupenyeza jioni, ziache mpaka asubuhi, kisha gonga kichwa cha bolti mara kadhaa kabla ya kukaza spana. Bolti ya bawaba ikikatikia ndani umejiongezea kazi ya siku nzima. Kabla hujauvua mlango, ukiwa wazi, unyanyue kwa nyuma: ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimeisha, zibadilishe sasa.

Kutoa kutu

Laza mlango, tindua lile tope gumu kwa kipande cha mti au plastiki, kisha uoshe kwa sabuni. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua kama unayo, au maji safi ya kuongezea betri (si asidi yake), na uuanike juani papo hapo. Maji ya kisima yakikaukia kwenye chuma kitupu yanaacha chumvi, na kutu ya rangi ya chungwa inaota kabla hujamaliza kunywa chai.

Toa rangi yote ya sehemu ya chini kwa diski namba 80, angalau sentimita 15 kupita pale kutu inapoonekana kuishia. Grenda itembee daima. Chuma kikianza kuwa buluu kimeshapata joto la kukikunja, na bati la mlango likikunjika kwa joto kulinyoosha ni kazi kuliko kiraka chenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usipeleke mlango ukapigwe mchanga kwa kompresa. Mchanga unapinda bati pana, na vumbi lake linaharibu mapafu moja kwa moja.

Utabaki na vishimo vyeusi ambavyo diski haivifikii. Hapo ndipo dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki inapofanya kazi: ipake kwa brashi, iache muda ulioandikwa kwenye kopo, isugue kwa brashi ya waya, rudia. Inageuza mabaki ya kutu kuwa tabaka la kijivu au jeusi. Lakini praima ya epoksi haipatani na asidi iliyobaki. Ukiipaka juu ya chuma ambacho hakijasafishwa, hadna inauawa na asidi, praima inabaki laini, na miezi michache baadaye inavuliwa kama soksi. Suuza, futa, kausha, kisha piga msasa namba 80 kidogo mpaka uone chuma kinang'aa.

Bawaba, skrubu na vibanio vidogo vitie kwenye ndoo ya plastiki yenye asidi ya sitriki ya unga, gramu 100 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu, usiku mmoja. Asubuhi vioshe, vitie dakika 10 kwenye maji yenye magadi vijiko viwili vya chakula kwa lita ili kuua asidi, visuuze vizuri (magadi ya sokoni yana chumvi ndani yake), vikaushe na uvipake oili mara moja. Vishikio vilivyopakwa kromu visiingie humo. Vingi si chuma, ni aloi ya zinki, na asidi itavila.

Kukata na kutengeneza kiraka

Kata bati bovu mpaka sentimita 2 au 3 ndani ya bati zima. Kishawishi ni kukata kidogo. Kishinde, kwa sababu ukichomelea kwenye bati lililoliwa nusu, moto unalitoboa na unaanza kukimbiza tundu linalokua. Kama mlango una mkunjo wa umbo unaopita kwa urefu, pitisha mstari wa kukata karibu chini yake: mkunjo unaliongezea bati ukakamavu na unaficha maungio.

Kufungua pindo kuna ujanja wake. Usipasue kwa patasi. Pitisha diski ya msasa kwenye ukingo kabisa wa mlango, taratibu, mpaka utokee mstari mwembamba mweusi. Huo ndio mpaka kati ya bati la nje na mkanda uliokunjwa. Simama hapo. Ule mkanda sasa unashikwa na kutu na doti (nukta za kuchomelea) chache tu, utautoa kwa plaizi. Chini yake utaikuta fremu ya ndani ikiwa wazi, na kwa kawaida ndipo mwenye gari anaposhtuka. Ikiwa nayo imetoboka, itengeneze kwanza, kwa kiraka chake, na hakikisha matundu ya kutolea maji unayatoboa upya mahali pale pale, kipenyo cha milimita 8, hata kama ya kiwandani yalikuwa madogo. Kwa vumbi la huku, tundu kubwa ni rafiki.

Chora kiolezo kwenye boksi la katoni, kijaribishe, kipunguze, kisha kihamishie kwenye bati ukiacha milimita 12 za ziada chini kwa ajili ya pindo. Pembe zote zikate kwa mviringo, pembe kali hukusanya joto na hupasuka. Kunja pindo hadi nyuzi 90 tu kwa sasa, ukigonga juu ya ukingo wa ubao mgumu au chuma cha pembe, kwa hatua ndogondogo kwenda na kurudi. Ukigonga sehemu moja mpaka mwisho ndipo uhamie nyingine, ukingo unakuwa kama wimbi.

Kiraka kikae usawa na bati la zamani, si juu yake, kikiwa na mwanya wa unene wa blade ya msumeno wa chuma pande zote. Kishike kwa plaizi, na kabla ya doti ya kwanza rudisha mlango kwenye gari. Hili linarukwa na wengi na ndilo linalojutiwa. Funga mlango, tazama nafasi kati yake na bodi: inatakiwa ilingane toka juu hadi chini, milimita 4 mpaka 6 kwa magari mengi ya umri huu. Sogeza kiraka hapo hapo, kipige doti tatu za kukishika mlango ukiwa umefungwa penye bodi, huku umefunika kioo cha mbele na viti kwa gunia bichi na dumu la mafuta liko mbali. Baada ya hapo vua mlango na umalizie chini.

Kuchomelea

Mashine ya mig, ile ya kuchomelea inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 ndiyo inayofaa bati hili. Piga doti, kila moja isizidi sekunde moja, ukiruka: moja kushoto, moja kulia, moja katikati, kisha katikati ya hizo. Kila baada ya doti nne weka mgongo wa mkono karibu na bati. Kama hauwezi kuukaribia, subiri. Usimwagie maji. Endelea mpaka doti ziwe umbali wa sentimita 2 hadi 3, ndipo uanze kujaza nafasi kwa mtindo ule ule. Usivute mstari mrefu hata siku moja. Bati likipata joto linatanuka, likipoa linasinyaa kupita lilivyokuwa, na eneo la jirani linabaki na ziada isiyo na pa kwenda. Utalijua ukilibonyeza: linaingia na kutoka kwa mlio, kama kifuniko cha kopo. Likikutokea, weka chuma cha kukingia nyuma ya mstari wa doti na uzigonge kwa nyundo zipanuke kidogo, mlio utaisha. Usigonge katikati ya sehemu inayolia, utaongeza ugonjwa.

Mashine ya kawaida ya vijiti inaweza, lakini inataka mkono uliozoea: kijiti cha milimita 2, umeme wa chini kabisa unaowasha, na kipande cha shaba nyuma ya maungio. Bomba la shaba la kiyoyozi lililopondwa likawa bapa linatosha. Shaba inavuta joto, na chuma kilichoyeyuka hakigandi juu yake. Kama mkono wako bado, andaa kila kitu mwenyewe, ukate, ukunje, ushike, kisha umlipe fundi wa kuchomelea kwa saa moja. Mwambie waziwazi unataka doti za kuruka, na ukae naye.

Saga doti kwa diski namba 60 kisha 80, juu ya doti tu, usile bati la pembeni. Weka tochi ndani ya mlango gizani. Kila nyota unayoiona ni tundu la kuzibwa kwa doti nyingine, si kwa puti. Puti inanyonya maji kama mkate, na tundu la sindano linatosha kuilowesha kutoka nyuma.

Sasa pindo. Paka praima yenye zinki kwenye fremu na ndani ya kiraka, tia gundi ya maungio mkanda mwembamba, kisha kunja pindo mpaka lilale, ukiwa umekinga upande wa nje kwa chuma kilichovikwa mpira. Futa gundi inayotokea karibu na matundu ya maji.

Praima na puti

Futa mlango wote kwa thina ya kuondolea grisi, kitambaa kimoja cha kupakia na kingine kikavu cha kufutia. Petroli inaacha mafuta, usiitumie. Paka epoksi siku ile ile uliyofikia chuma kitupu, tabaka mbili, ndani ya mlango pia hadi pale brashi inapofika. Uwiano wa kuchanganya ni ule ulioandikwa kwenye kopo, upime kwa kikombe, si kwa macho.

Puti inakaa juu ya epoksi iliyopigwa msasa namba 180 kidogo. Chukua ya ukubwa wa limau kwa hadna yenye urefu wa kifundo kimoja cha kidole, yaani kama asilimia 2 ya uzito, uchanganye mpaka rangi iwe moja bila michirizi. Mchana wa jua la Dodoma inakauka ndani ya dakika chache tu, kwa hiyo changanya kidogo na urudie. Kuzidisha hadna ili ikauke haraka ni kosa lenye adhabu: hadna iliyobaki inapanda hadi kwenye rangi na kuacha madoa, hasa kwenye nyeupe na krimu, rangi ambazo pikapu hizi zilipendelea. Ikimaliziwa msasa puti isizidi milimita 3. Ikihitajika zaidi, rudi kwenye nyundo. Msasa uufunge kwenye ubao wa sentimita 30 ukipita mshazari, 80, kisha 120, kisha 180, bila maji. Kupima unyoofu, fumba macho upitishe kiganja kizima ukiwa umevaa soksi ya pamba. Kiganja huhisi kile ambacho jicho halioni kabla rangi haijang'aa.

Praima ya kujazia tabaka mbili au tatu, iache ikauke kabisa, ipige msasa wa maji namba 320 halafu 400. Kwa rangi yenye chembe za kung'aa malizia na 600.

Rangi

Aina ya 2K (rangi ya vikopo viwili, inayochanganywa na hadna) inadumu sana, lakini hadna yake ina isosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kawaida si kinga ya kutosha. Ipeleke kwenye chumba cha rangi chenye vifaa. Kwa uani, tumia NC (rangi ya nitroselulosi, inayokauka thina yake ikiruka), uwiano wa 1 kwa 1 na thina yake hadi 1 kwa 1 na nusu. Tahadhari moja: NC haiwekwi juu ya rangi ya mafuta ya zamani. Thina yake kali inaifufua rangi ya chini, na yote inakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Jaribu kwa kusugua rangi ya zamani na kitambaa chenye thina ya NC. Ikinyanyuka na kujikunja, iondoe yote au uifunike kwa epoksi kwanza.

Puliza kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mwagia maji uwanja wote nusu saa kabla, tundika turubai upande unaotoka upepo. Asubuhi za Juni na Julai joto huwa chini ya nyuzi 15, kwa hiyo anika mlango juani mpaka uwe vuguvugu, ndipo uurudishe kivulini. Usipulizie mchana kwenye bati linalochoma: rangi inakauka kabla haijatulia, na unapata uso wa ganda la chungwa. Msimu wa mvua usiache taa ikiwaka karibu, kumbikumbi watakuja kukaa humo. Toa maji kwenye tangi la kompresa, presha baa 3 kwa spreigani ya kawaida, umbali wa kiganja kilichotanuliwa, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka nne nyembamba, dakika 15 kati yake. Anza na kingo na upande wa ndani, malizia na uso.

Ndani ya mlango, kisha kuurudisha

Rangi ikishakaa siku mbili au tatu, linda upande usioonekana. Wengi humwaga oili chafu. Ina asidi ya injini, inavimbisha raba, na inanasa vumbi kuwa matope mapya. Lami nzito nayo si nzuri, kwani ikipasuka maji yanaingia nyuma yake na hayatoki. Nta ya kunyunyizia ndani ya bodi ndiyo bora. Ukiikosa, nta ya nyuki ya Manyoni au Itigi inafaa: sehemu 1 ya nta kwa 4 za oili safi ya gia, ziyeyushe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, mbali na mwali, kisha upake kwa brashi ikiwa bado moto, ukiisukuma hadi ndani ya pindo. Siku za kwanza juani itadondoka kidogo chini. Pitisha kijiti kwenye kila tundu la maji lisizibwe nayo.

Raba za kioo, ya nje na ya ndani, nunua mpya. Raba iliyokakamaa na jua inaacha mwanya wa vumbi mwaka mzima, na kuirudisha ni kuanza safari ile ile upya. Rudisha kitasa, reli, mashine na kioo, ukipaka grisi kiasi. Nailoni ibandikwe ukingo wake wa chini ukiingia ndani ya tundu la fremu, ili maji yanayoteremka juu yake yaangukie ndani ya mlango, si kwenye kava. Funga bawaba kwenye alama zako, kaza kidogo, funga mlango, angalia nafasi, ndipo ukaze kabisa.

Kava lisirudi bado. Pandisha kioo, mimina nusu lita ya maji polepole kwenye raba ya nje, kisha chuchumaa uangalie chini. Maji yaanze kudondoka ndani ya sekunde chache na yatoke kwenye kila tundu. Tundu likibaki kavu, au maji yakitokea kwenye nailoni, tafuta sababu sasa hivi mlango ukiwa wazi. Jaribio hili lirudie kila Novemba kabla ya mvua, pamoja na kupitisha kijiti kwenye matundu. Kazi nzima ni dakika 5 kwa mlango.